Nani Atapokea Mtoto? Historia Fupi ya Kuachana Asubuhi

Kila mwezi wa tisa, wakati masomo yanafunguliwa, mtu anayepita asubuhi mbele ya maternele yoyote ya Lubumbashi anasikia kilio kile kile. Mtoto wa miaka mitatu, pengine miwili na nusu, amekamata kitenge cha mama yake kwa mikono miwili. Mama anachelewa kazini au sokoni. Mwalimu anavuta mtoto, mama anavuta kitenge, na mlinzi wa mlango anacheka. Mwisho mama anakimbia bila kutazama nyuma. Wengine hupita mlango wa nyuma ili mtoto asiwaone, na kilio kinaweza kuendelea mpaka wakati wa mapumziko.

Mimi ni mmoja wa wale waliokimbia, nitaeleza mbele. Lakini kilichonifanya niandike ni neno nililosikia katika mkutano mmoja wa wazazi. Mzee mwenye heshima alisimama akasema: « Zamani watoto wetu hawakulia hivi. Hii ni tabia ya watoto wa siku hizi, wamezoeshwa vibaya. Mama zetu walikuwa wanaacha mutoto, anabaki, basi. » Watu wakapiga makofi. Sasa mimi nafundisha historia katika sekondari, na mtu akisema « zamani » mbele yangu ninapenda kuuliza: zamani ipi? Ya kijijini, ya kambi za Union Minière, ama ya Gécamines ilipoanguka? Hizo ni zamani tatu, na mtoto hakuachwa kwa namna moja katika hizo tatu.

Tuanze kijijini, kwa sababu ndiko wazee wetu wanakoelekeza kidole. Mama alikwenda shambani na mtoto mgongoni. Mtoto alipokuwa mzito, alibaki nyumbani, lakini hakubaki peke yake wala hakubaki na mgeni. Alibaki na nkambo, yaani bibi wa kumzaa mama ama baba, na alibaki na yaya. (Neno hili yaya linatuchekesha tukikutana na ndugu zetu wa Dar es Salaam. Kwao yaya ni msichana anayelipwa kulea mtoto. Kwetu Katanga yaya ni ndugu yako mkubwa, mwanamume ama mwanamke, na anakulea bure, akikupiga kofi mara moja moja.) Msichana wa miaka saba ama minane alikuwa anafungiwa mtoto mgongoni tangu mtoto bado mdogo sana, akicheza naye, akimrudisha kwa mama anyonye, akimchukua tena. Siku mama alipokwenda mbali, mtoto alikuwa amekwisha kujua mgongo wa pili, harufu yake na sauti yake.

Wapo waliohesabu jambo hili. Huko Ituri, kati ya Waefe wa msituni, watafiti Tronick, Morelli na Winn walikaa wakitazama watoto wachanga na saa mkononi, wakatangaza matokeo yao mwaka wa 1987. Waliona kwamba mtoto wa miezi minne alikuwa mikononi mwa watu wengine zaidi ya nusu ya wakati waliomtazama, na kwamba wanawake wengine hata walimnyonyesha. Sisemi kwamba sisi wote ni Waefe. Wao wanaishi vikundi vidogo, kila mtu anasikia kilio cha kila mtoto, na desturi zao si za Waluba, Wabemba ama Wasanga. Lakini kanuni ninaiona ni ile ile: mtoto hakupelekwa kwa watu, watu ndio walikuja kwa mtoto, tena walikuja mama akiwa bado pale.

Basi mzee wetu wa mkutano alikuwa na haki nusu. Pengine kijijini kilio cha asubuhi kilikuwa kidogo. Nusu nyingine ameisahau, nayo ni kuachisha ziwa. Mahali pengi katika inchi yetu mtoto alinyonya miaka miwili, hata mitatu, na katika muda huo baba na mama walijizuia wasipate mimba nyingine. Mimba ikiingia mapema, ama wakati ukitimia, mama alipaka pili-pili ama kitu kichungu kwenye ziwa. Kama mtoto hakukubali, alipelekwa kwa nkambo, wakati mwingine kijiji kingine, siku nyingi bila kumwona mama. Huko hakuna aliyeandika kilio chake, lakini usiniambie hakulia.

Kwa jirani zetu wa Uganda mambo haya yalichunguzwa vizuri. Katika miaka ya 1950 daktari Mfaransa, Marcelle Geber, alipima watoto wa Kampala. Aliona kwamba katika mwaka wa kwanza walikuwa wepesi sana, wanakaa na kutembea mapema, wanachangamka. Halafu baada ya kuachishwa ziwa ghafula na kutengwa na mama, baadhi yao walinyamaza, macho yakafifia. Na Mary Ainsworth, aliyekwenda huko mwaka wa 1954, alikuwa ametaka kutazama hasa ile desturi ya kupeleka mtoto kwa bibi ili « asahau ziwa ». Alipofika alikuta familia nyingi zimekwisha kuiacha. Akabaki akitembelea nyumba 26, akiandika namna watoto wanavyomfuata mama, wanavyolia akiondoka, na namna wanavyokwenda kucheza mbali kidogo kisha wanarudi kumgusa. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1967. Aliona kwamba mtoto ambaye mama anamjibu vizuri ndiye anayethubutu kwenda mbali, na ndiye aliyelia kidogo kuliko wengine. Wengi wetu tuliosoma ISP tulifundishwa saikolojia kana kwamba yote imezaliwa Ulaya, na hakuna aliyetuambia kwamba sehemu moja kubwa ya elimu hii ya mtoto anayeng'ang'ania mama ilianzia Kampala, nyumbani kwa Waganda.

Niongeze neno moja juu ya ugonjwa wa kwashiorkor. Jina hili ni la lugha ya Kiga ya Ghana, na daktari Cicely Williams alilipeleka katika vitabu vya udaktari mwaka wa 1935. Kwa wenye lugha, ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Mtoto aliyeondolewa kwenye nafasi yake. Madaktari waliona upungufu wa chakula, na ni kweli. Lakini wenye lugha waliona vilevile kwamba mtoto ameachwa.

Sasa kambi. Hapa ndipo historia yetu ya Katanga inakuwa tofauti na ya wengine, na hapa nitakaa kidogo.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Miaka ya kwanza ilitaka wanaume tu: waje, wachimbe miezi michache, warudi kwao. Walikufa wengi, walitoroka wengi, na kuwatafuta wengine mbali, Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi, kulikula pesa. Kufika mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikageuza siasa yake. Ikatoa mkataba wa miaka mitatu, ikajenga nyumba, ikataka mfanyakazi aje na bibi yake, na ikaanza kugawa mposho kwa mama na kwa watoto. Nyuma ya kazi hii alikuwapo daktari Léopold Mottoulle, ambaye mwaka wa 1946 aliandika kitabu cha kusifu matunda ya siasa hiyo.

Matunda yaliyotafutwa hayakufichwa: watoto wengi, wenye afya, watakaokuwa wafanyakazi wa kesho. Na ndipo kampuni ilipogongana na desturi ya miaka miwili ama mitatu ya kunyonyesha. Kwa wakubwa wa Union Minière, muda ule ulikuwa unapunguza vizazi. Kwa hiyo mama alihimizwa kuachisha mapema. Alitakiwa kupeleka mtoto kupimwa kilo, na mtoto alipewa chakula cha kambi. Nancy Rose Hunt, mtaalamu wa historia kutoka Marekani, ameandika mwaka wa 1988 namna Wabelgiji walivyoingia mpaka kwenye ziwa la mama kwa hesabu ya vizazi. Tuseme ukweli wote: watoto wengi walipona kwa sababu ya kilo ile, dawa ile na chakula kile. Wazee wetu waliokulia kambini wanaisifu mpaka leo, na siwakatazi.

Lakini tazama nani hakuwapo kambini. Nkambo hakuwapo. Alibaki Kasai, alibaki Rwanda, alibaki Luapula. Nyumba ilikuwa ya mume, bibi na watoto wao, na mgeni wa kulala alitakiwa kujulikana kwa mkubwa wa kambi. Kizazi cha kwanza cha mama wa kambi kililea bila mama zao. Ni jambo zito, na vitabu vya kampuni haviliandiki.

Walifanya nini? Nilimwuliza mama yangu, aliyezaliwa katika kambi ya Likasi wakati bado ni Jadotville. Nkambo yangu alifika pale kijana sana, hajui Kiswahili, hajui mtu. Nyumba ya jirani alikuwapo mama mmoja Mubemba, naye hakuwa na umri mkubwa, lakini watoto wote wa ule mstari wa nyumba walimwita nkambo. Yeye ndiye alipokea mama yangu wakati nkambo yangu alipokwenda kuchukua mposho ama kulala maternité. Halafu kulikuwa na shule ya watoto wadogo ya masista. Nilimwuliza mama yangu: « Ulilia siku ya kwanza? » Akafikiri kidogo. « Hapana. Tuliingia watu kumi wa mstari moja. Hatukuona mugeni, tulionana sisi. »

Neno hili nimelibeba muda mrefu. Kambi iliondoa nkambo, lakini mstari wa nyumba ukazaa nkambo mwingine, na watoto wakawa yaya wa wenzao.

Zamani ya tatu tunaijua kwa macho yetu. Union Minière ilichukuliwa na serikali mwanzoni mwa mwaka wa 1967, baadaye ikaitwa Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, mwaka uliofuata kukawa uporaji katika miji, na mishahara ikaanza kuchelewa, kisha ikakoma. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa mwaka wa 2001 kitabu juu ya familia za wafanyakazi hawa, na jina la kitabu linasema kwamba bana Shaba wameachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Mwaka wa 2003 wafanyakazi 10,655 walisainishwa « kuondoka kwa hiari ». Hiari gani, waulize wenyewe.

Baba alipobaki nyumbani bila mshahara, mama ndiye alitoka. Mikate, makala, unga wa bukari, samaki wadogo, nguo za mitumba: familia nyingi zimelishwa hivyo. Nkambo naye, kama yuko, anauza karanga mbele ya lupango. Na yaya? Yaya yuko masomoni. Tangu mwezi wa tisa 2019 shule ya msingi ya serikali hailipishwi, na wasichana wengi waliokuwa wanafunga mdogo wao mgongoni sasa wamekaa kwenye benchi na daftari. Mimi mwalimu siwezi kulilia jambo hili, nimelipigania. Lakini nani atapokea mtoto?

Sheria imefikiri kidogo juu ya mama mwenye mkataba. Kitabu cha sheria ya kazi cha 2002 kinampa wiki 14 za kupumzika kwa ajili ya uzazi, nane kati ya hizo zikiwa baada ya kuzaa, na nusu saa mara mbili kwa siku ili anyonyeshe. Anayeuza makala hana nusu saa ya mtu yeyote. Sheria ya elimu ya 2014 inasema maternele ni ya miaka mitatu, kuanzia umri wa miaka mitatu. Lakini haiko ya lazima, na karibu kila mahali inalipwa. Basi zimeota maternele ndogo katika kila avenue, zinapokea hata wa miaka miwili, na nimeingia katika chumba kimoja chenye watoto zaidi ya arobaini na mwalimu mmoja. Mwalimu huyo hana ubaya. Mwambie abebe watoto watano wanaolia, wale wengine watapanda meza.

Nifike sasa kwa binti yangu, kitinda mimba. Alikuwa na miaka miwili na miezi minane. Alikuwa mtoto wa kunifuata mpaka chooni. Mahali nilipompeleka, sitapataja, waliniambia: « Mama, umuweke chini, ukimbie. Ukiagana naye atalia zaidi. Wiki moja tu, atazoea. » Nikakimbia siku tisa. Kweli, waliniambia kwamba anapoa baada ya saa moja. Lakini nyumbani nilikuwa na mtoto mwingine. Alianza kukojoa tena usiku. Alikataa hata kushikwa na baba yake. Nikiingia jikoni analia, nikifunga kitambaa kichwani analia, kwa sababu kitambaa ni dalili ya kuondoka.

Mama yangu akafika kutoka Likasi. Alitazama asubuhi moja tu. Jioni akaniambia: « Mutoto haogope masomo. Anaogopa mama mwenye kupotea sawa moshi. Ukienda, umuambie unaenda. Alie, lakini ajue. »

Kesho yake alikwenda yeye mwenyewe na mtoto. Mkuu wa pale alikataa: wazazi hawaingii, mmoja akiingia wote watataka. Alikuwa na sababu, lupango lao ni dogo. Tulizungumza sana, tukakubaliana siku tatu, asubuhi mapema kabla watoto hawajajaa. Mama yangu aliketi kwenye mkeka chini ya mwembe. Hakumsukuma mtoto. Alimwita mwalimu, akamwuliza jina, akamwuliza kwao ni wapi, akampa karanga kidogo, wakacheka pamoja. Mtoto alikuwa nyuma ya mgongo wake, anatazama. Siku ya pili mwalimu ndiye alimpa mtoto karanga. Siku ya tatu mama yangu akasema: « Naenda kununua mukate, nitarudia. » Mtoto akalia. Akarudi na mkate baada ya muda mfupi sana, akamvunjia kipande, wakaenda nyumbani.

Wiki iliyofuata nilichukua nafasi yake. Nilimwaga kila asubuhi kwa maneno yale yale, machozi yakimtoka, nikaenda. Kwanza nilirudi wakati wa mapumziko, kisha kabla ya chakula, kisha mwisho wa masomo. Niliomba mama wa lupango la jirani atangulie na mtoto wake ili waingie wawili wameshikana mikono. Hayo niliyachukua kwenye mstari wa nyumba za Likasi. Na mama yangu alimpa kitambaa chake cha kichwani, kile cha rangi ya buluu kilichofifia, akamwambia: « Kamata hiki mpaka mama arudie. » Mwalimu alikubali akikae nacho hata wakati wa kulala.

Haikunyooka. Siku moja mvua kubwa ilinikamata Kenya (commune yetu, si inchi ya jirani), nikachelewa sana, na tukarudi nyuma karibu wiki nzima. Halafu akashikwa na malaria, akabaki nyumbani siku sita, tukaanza tena karibu upya. Yote kwa yote ilichukua wiki tano ama sita. Mkuu wa pale aliniambia kwamba wengine waliotupwa na kukimbiwa nao walizoea katika muda ule ule. Sikumbishia. Nilimwuliza tu kama ameona watoto hao nyumbani kwao usiku.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, niliona kwamba mwalimu yule ameweka mikeka miwili chini ya mwembe, na mama watatu wameketi. Mkuu alipita, akatazama, hakusema kitu.

Kitambaa cha buluu hakikurudi nyumbani. Mama yangu alikidai karibu na Noeli, maana alikipenda. Mwalimu akamwomba radhi: mtoto mwingine alikuwa amekishika, na bado hajawa tayari kukiachilia.